NYIMBO MPYA ZISIHUKUMIWE KWA KIONJO

Habari ikienea kwamba kikundi cha taarabu kinatayarisha nyimbo mpya, ubishi huanza kabla wimbo wenyewe haujatoka. Katika vijiwe vya Chanika mjini Handeni na katika stendi ya Korogwe, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi moja husema mwimbaji fulani safari hii atawafunika wenzake. Jingine husema amekwisha, wala hana jipya. Mtu husikia sauti ikipandishwa akadhani pana ugomvi wa shamba, kumbe ni ubeti mmoja tu unaogombaniwa.

Wapo watumishi wa umma na walimu wanaoudharau ubishi huu. Huuona kuwa ni uvivu, na wanaobishana kuwa ni watu wasio na kazi. Maoni hayo hayana budi kusahihishwa. Watu wanaobishana juu ya maana ya ubeti, uzito wa neno na ufundi wa sauti wanafanya uhakiki, hata kama hawalijui jina hilo. Jambo la kusikitisha ni kwamba siku hizi uhakiki huo unafanywa bila ya kusikiliza.

Mkoa wa Tanga una haki ya kujivuna katika jambo hili. Reli ilipofika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yalipoenea, watu wa makabila mengi walikuja kufanya kazi, kila mmoja na ngoma yake. Bendi ya Jamhuri Jazz ya Tanga, iliyosikika Afrika Mashariki nzima, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, jina linalotukumbusha watu wa Tabora waliokuja mkoani humu. Katika taarabu, kikundi cha Black Star cha Tanga kilileta magita ya umeme na mwendo wa dansi ndani ya muziki uliokuwa umezoea udi, fidla na kanuni. Kutoka humo kikazaliwa kikundi cha Lucky Star, na mashabiki wakapata sababu ya kubishana. Marehemu Bibi Shakila Saidi, aliyeviimbia vikundi vyote viwili, alizaliwa Pangani, mahali unapoingia baharini mto ule ule unaopita Korogwe. Alifariki mwaka 2016, na nyimbo zake zingali zikipigwa arusini.

Ushindani ulifikia kilele chake katika miaka ya 1990, pale kikundi cha Tanzania One Theatre, kilichoanzishwa mwaka 1992 na kuongozwa na marehemu Kapteni John Komba, kilipopambana na Muungano Cultural Troupe ya Ndugu Norbert Chenga. Maonyesho ya vikundi hivyo yalichanganya ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarabu katika jukwaa moja. Kila upande ulitunga nyimbo za kuujibu upande mwingine, na mashabiki walisubiri jibu kama wasubirivyo matokeo ya mpira. Lakini ili kulijua jibu hilo, ilimlazimu shabiki aende ukumbini akae mpaka mwisho, au asubiri kanda, au ategee redio. Alipokwenda kijiweni kubishana, alikuwa amekwisha usikia wimbo wote.

Leo hali imebadilika. Kabla wimbo haujatoka, hutolewa kionjo cha nusu dakika kikasambazwa kwa simu. Kabla jua halijatua, kionjo hicho kimefika Mkata, Kideleko, Mombo na Hale, na hukumu imekwisha pitishwa: wimbo mbovu, au wimbo wa mwaka. Wimbo wenyewe ukitoka, wengi hawausikilizi kwa nia ya kujua, bali kwa nia ya kuthibitisha walichokwisha sema.

Hasara ya jambo hili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu taarabu ni sanaa ya fumbo. Mtunzi husema ua, akakusudia mtu. Husema jahazi, akakusudia nyumba yenye matatizo. Ubeti wa kwanza hutega, wa pili huzungusha, na mara nyingi ni ubeti wa mwisho unaofungua. Msikilizaji aliyepewa mistari miwili amepewa kufuli bila ufunguo. Na mtunzi akishajua kwamba atahukumiwa kwa mistari miwili, atatunga mistari miwili mikali, na iliyobaki ataijaza maneno matupu. Hivyo ndivyo fumbo linavyokufa na matusi kushika nafasi yake. Tunawalaumu watunzi kwamba lugha yao imekuwa ya wazi mno, ilhali ni sisi wasikilizaji tuliokataa kungoja ubeti wa mwisho.

Hapana budi tukumbuke pia kwamba zamani tulikuwa na mlinzi. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi sehemu kubwa ya muziki wetu, na maneno ya nyimbo yalipitiwa kwanza kabla ya kurekodiwa. Utaratibu huo ulikuwa na faida zake na kasoro zake. Katika miaka ya 1990 redio za watu binafsi zilianza, na baadaye zikaja simu. Mlango ule mmoja haupo tena, na haifai kuulilia. Hakimu sasa ni msikilizaji. Basi swali linalotukabili ni hili: nani anamfundisha hakimu huyu kazi yake?

Jibu lipo darasani. Mwalimu wa Kiswahili hufundisha vina, mizani, kituo, maudhui na fani. Wanafunzi huyakariri mambo hayo kwa ajili ya mtihani, kisha wakatoka nje ya darasa kubishana juu ya wimbo mpya bila ya kutumia hata moja. Ni vyema mwalimu achague wimbo mmoja wenye adabu, aupige wote mara mbili, aandike beti zake ubaoni, ndipo aruhusu ubishi. Anayesema wimbo ni mbovu aonyeshe ni ubeti gani na kwa nini. Anayeusifu naye afanye hivyo hivyo. Kijana aliyezoea kudai ushahidi katika wimbo ataudai pia katika uvumi, katika ahadi na katika habari za mitaani.

Wengine watasema kwamba hukumu ya mapema haina madhara, kwa kuwa wimbo mzuri utajitetea wenyewe. Hilo ni kweli kwa mtunzi mwenye jina na fedha, siyo kwa kijana wa kijijini anayetoa wimbo wake wa kwanza. Na hata huko Marekani, penye fedha nyingi, hawaachi jambo hilo kwa bahati. Mchezo wa nyimbo uitwao Oklahoma! ulioneshwa kwanza katika mji wa New Haven mwezi Machi 1943, kwa jina la Away We Go!. Baada ya watazamaji kuuona, watunzi waliurekebisha na kuubadili jina, ndipo ukafika Broadway, New York, tarehe 31 mwezi huo huo. Ulioneshwa mara 2,212. Watu wa New Haven waliushuhudia mchezo wote mbele yao kabla ya kutoa maoni, na maoni ya namna hiyo humsaidia mtunzi. Kwa nini Korogwe isiwe New Haven yetu?

Hapa ndipo wanapohusika watumishi wa wilaya. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alikusudia utamaduni uwe kazi ya serikali, siyo pambo la sherehe. Maafisa utamaduni wa Handeni na Korogwe wanaweza kuvialika vikundi vije kujaribu nyimbo zao mpya mbele ya watu, na mashabiki wapewe nafasi ya kusema. Wanaweza pia kuzihimiza shule zinazoshiriki UMITASHUMTA zitunge maigizo yenye nyimbo zao zenyewe, kwa mapigo ya selo na mdumange, badala ya kuigiza ya Dar es Salaam.

Na anayesikiliza alipe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, lakini sheria haina nguvu katika wilaya ambamo mtumishi wa umma mwenyewe hunakili wimbo bure, kisha akalalamika kuwa watunzi hawatungi vizuri.

Ubishi wa nyimbo mpya uendelee, tena kwa sauti ya juu. Ni dalili ya watu wanaoipenda lugha yao. Lakini mbishi na aanze kwa kusikiliza mpaka ubeti wa mwisho, kwani huko ndiko mtunzi alikoficha alichotaka kusema.