Milima ya Matrah imegeuka vichuguu

Ndugu mwandishi, ile picha yako ya Matrah, Oman, hapana. Lenzi pana ya milimita 16 huisukuma milima mbali, ndiyo maana imegeuka vichuguu, na sehemu ya chini ni maji matupu. Ungesogea upande wa soko la samaki, ukainama, ukaiweka kamba ya mashua mbele kabisa, jicho lingepata pa kuanzia. Tena umeinua kamera juu, nyumba zote zimelalia nyuma! Na saa nayo: ufukwe ule unatazama kaskazini-mashariki, jua la asubuhi ndilo linalozipiga nyumba usoni, jioni milima hulikinga. Ila picha yako ya ngome ya Jalali, ya Wareno wa miaka ya 1580, usiiguse. Imetulia.