Kura Isiyo na Masharti, Deni Lisilo na Mwenyewe

Mei 2, 2024, mbunge wa Bumula, Jack Wamboka, aliwasilisha katika Bunge la Kitaifa hoja ya kumng'oa mamlakani Mithika Linturi, Waziri wa Kilimo wa wakati huo. Shtaka lilihusu mbolea. Magunia yaliyouzwa kwa bei ya ruzuku kupitia maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) yalikuwa yamepimwa na kupatikana hayajafikia viwango. Wabunge 149 waliunga mkono hoja hiyo, 36 wakaipinga, na kamati teule ya watu 11 ikaundwa kuchunguza. Mei 13 kamati ikatoa uamuzi: madai hayakuthibitishwa. Saba waliafiki, wanne wakakataa. Wale saba walikuwa wa mrengo wa serikali, Kenya Kwanza, wale wanne wa mrengo wa upinzani wa wakati huo, Azimio.

Wote 11 walisikiza mashahidi wale wale na kusoma stakabadhi zile zile, lakini hakuna hata mmoja aliyevuka mstari wa mrengo wake. Waziri akabaki kazini mpaka Julai mwaka huo, Rais William Ruto alipovunja karibu baraza lote la mawaziri kwa shinikizo la vijana waliojaa barabarani. Mkulima wa Bumula na mwenzake wa Kitale walikuwa tayari wamepanda kwa mbolea hiyo, na mahindi hayajui mrengo.

Nimeanza na kura hiyo kwa sababu inafungua mlango wa jambo kubwa zaidi. Kwa miaka mingi watu wa Bungoma, kaunti ya Bumula, na wa Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, wamelalamikia mambo mawili kana kwamba hayahusiani. La kwanza ni pesa za umma zinazomiminwa kuokoa kampuni zilizofilisishwa na wakubwa. La pili ni vyama vinavyofuatwa hata vinapowaumiza wafuasi wao. Naamini hili ni tatizo moja. Serikali huokoa kampuni bila masharti kwa sababu wananchi huipa kura bila masharti.

Tazama Nzoia. Kampuni hii ya sukari iliasisiwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978 pale Bukembe, serikali ikimiliki karibu hisa zote. Kwa familia nyingi za Bumula, Kanduyi na Kabuchai, miwa ndiyo iliyolipa karo na kuezeka nyumba mabati. Kisha yakaja mambo tunayoyajua sote: wakurugenzi walioteuliwa kwa hesabu za siasa, mitambo iliyochakaa, wafanyakazi waliokaa miezi bila mshahara, na wakulima waliopeleka miwa wakarudi na ahadi.

Kila mara dawa imekuwa ile ile. Mwaka 2013 Bunge liliidhinisha kufutwa kwa mabilioni ya madeni ya viwanda vya sukari vya serikali, ili vipate wanunuzi vikiwa havina deni. Wanunuzi hawakupatikana na madeni yakaota upya. Miaka kumi baadaye yakafutwa tena, safari hii yakiwa takriban shilingi bilioni 117. Mei 2025 viwanda vinne, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vikakodishwa kwa wawekezaji wa kibinafsi kwa miaka 30. Nzoia ilikwenda kwa West Kenya Sugar.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwetu dawa imekuwa kufuta, na anayefutiwa siye aliyeumia. Bilioni 117 zikiondolewa vitabuni hazipotei hewani. Sehemu kubwa ni fedha za Hazina ya Kitaifa na kodi ambazo hazitakusanywa tena, na pengo hilo hujazwa na ushuru wa mafuta na wa kutuma pesa kwa simu. Mama anayeuza mboga soko la Chwele amechangia kuiokoa Nzoia hata kama hajawahi kuotesha mua mmoja. Yeye hajawahi hata kuonyeshwa orodha ya waliokula.

Kampuni ya sukari ya Mumias ilipitia njia hiyo hiyo, na kisa chake kinafunza zaidi. Ilikuwa imeuza hisa katika soko la Nairobi tangu 2001, serikali ikibaki na asilimia 20 tu. Ilipoanza kuyumba, kuanzia 2015 ilipewa mabilioni ya pesa za umma. Septemba 2019 benki ya KCB ikaiweka chini ya mrasimu. Hapo ndipo wakulima walipojua nafasi yao katika foleni. Sheria ya Ufilisi ya 2015 humtanguliza mdai mwenye dhamana, yaani benki. Mfanyakazi naye hupewa kipaumbele kwa sehemu ya mshahara wake, hadi kiwango maalumu. Mkulima aliyelea miwa mwaka mmoja na nusu, akakatwa gharama za kuvuna na kusafirisha kabla hajaona senti, huhesabiwa kuwa mdai asiye na dhamana. Kampuni inapookolewa, jina la mkulima hutajwa kwanza jukwaani. Inapokufa, analipwa mwisho.

Wapo wanaosema kwa haki kabisa kwamba bila uokoaji mambo yangekuwa mabaya zaidi. Webuye ni ushahidi wao. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilianza kazi mwaka 1974 kwa ubia wa serikali, Shirika la Fedha la Kimataifa na kampuni ya Orient Paper ya India. Kilipofungwa 2009, mji ulidhoofika pamoja nacho: nyumba za kupanga zikabaki tupu na maduka yakafungwa. Kikafufuliwa kwa muda mfupi, kikazimika tena, na mwaka 2016 kikauzwa kwa familia ya Rai, ambayo pia ndiyo yenye West Kenya, kwa shilingi milioni 900. Anayeikumbuka Webuye ya zamani hawezi kumcheka anayelia Nzoia isifungwe. Kiwanda kikubwa katika eneo lisilo na ajira nyingine hushika maisha ya watu wasiowahi hata kukanyaga lango lake.

Tena upo uokoaji uliofaulu. Mwaka 2003 serikali mpya ya Narc iliirudisha mikononi mwa umma kampuni ya maziwa ya KCC, iliyokuwa imeuzwa kwa bei ya kutupa mwisho wa utawala wa KANU. New KCC bado inapokea maziwa Kitale hadi leo. Malalamiko ya malipo kuchelewa yamekuwapo, lakini mfugaji ana pa kupeleka kopo lake. Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, nayo iliponea chupuchupu. Mapema miaka ya 2000 hisa za umma zilipunguzwa hadi serikali ikakaribia kupoteza usukani, kisha ikaurudisha. Leo mbegu zake za mahindi ya msimu mrefu ndizo zinazopandwa nyanda za juu za Bonde la Ufa.

Hata Marekani, mwaka 2009, iliiokoa kampuni ya magari ya General Motors. Lakini mkurugenzi wake, Rick Wagoner, alilazimishwa kuondoka, wenye hisa wa zamani wakapoteza mali yao, na serikali ikachukua hisa ambazo iliziuza taratibu hadi Desemba 2013. Walipa kodi walipata hasara ya takriban dola bilioni 10, na Wamarekani wengi bado wanabishana kama ilifaa. Tofauti yao na sisi ni kwamba hesabu hiyo inajulikana, na waliokuwa wakiendesha kampuni walilipa gharama ya kuiangusha.

Kwa hiyo swali la kuokoa au kutookoa halitoshi. Tuulize: nani analipwa kwanza, nani anaondoka, na nani anaonyeshwa hesabu? Nzoia imefutiwa madeni zaidi ya mara moja, na katika kila awamu maswali hayo matatu yamekosa majibu.

Yamekosa majibu kwa sababu hakuna mwenye nguvu aliyelazimika kuyajibu, na hapa ndipo chama kinapoingia. Mwanasiasa huogopa kitu kimoja tu, kupoteza kura. Akiwa na hakika kwamba eneo fulani litapigia kura rangi fulani hata mvua ya mawe inyeshe, hana haja ya kulitumikia. Lililo lake analihesabu kuwa la mkononi, lisilo lake analihesabu kuwa limepotea, na yote mawili huachwa bila kiwanda.

Sitaki kuwadharau wanaoshikilia vyama vyao. Ford-Kenya haikupendwa magharibi kwa ujinga. Watu wa Trans Nzoia na Mlima Elgon walipochomewa nyumba na kufukuzwa mashambani katika ghasia za 1991 na 1992, chama hicho kikaja kuwa sauti yao mbele ya serikali iliyowatazama kama maadui. Mapenzi ya namna hiyo hulipiwa kwa machozi, na wazee wana haki ya kuyakumbuka. Wengine huniambia kwamba jamii isiyo na idadi ya kuunda serikali peke yake lazima ipige kura kwa pamoja ili ipate cha kudai mezani. Hoja hiyo ina uzito. Ila anayeketi mezani huku kila mtu akijua kwamba hawezi kuinuka na kuondoka hana cha kudai. Nguvu ya kura za pamoja hutoka katika uwezo wa kuzinyima.

Wanasiasa wenyewe hawana ndoa na vyama. Gavana wa Bungoma, Kenneth Lusaka, alichaguliwa 2013 kwa New Ford-Kenya, akagombea 2017 kwa Jubilee, akarudi ofisini 2022 kwa Ford-Kenya. Wycliffe Wangamati, aliyemshinda 2017 kwa tiketi ya Ford-Kenya, mwaka 2022 alitetea kiti kwa DAP-K. Siwalaumu, sheria inawaruhusu. Nashangaa tu kwamba viongozi huhama kila uchaguzi kama wanaobadilisha koti, huku majirani wawili wa kijiji kimoja wakinuniana miaka mitano kwa sababu ya koti hilo.

Trans Nzoia ilionyesha 2022 kwamba inawezekana kuondoka. Baada ya miaka kumi chini ya gavana wa Ford-Kenya, Patrick Khaemba, wapiga kura walimchagua George Natembeya wa DAP-K. Lakini kuhama chama kimoja na kukiapia kingine kwa upofu ule ule hakutaleta lolote. Kitale inawajua vyema wanaosahaulika. Msimu wa 2017 na 2018 wakulima waliuza mahindi kwa NCPB wakakaa miezi wakidai karibu shilingi bilioni 3.5, huku uchunguzi ukionyesha kwamba wafanyabiashara waliingiza mahindi yao kwenye maghala na kulipwa kabla yao. Mkulima yule alikuwa na mkopo wa pembejeo na karo ya Januari. Hakuna Bunge lililokaa kumfutia deni lake, naye asipolipa benki, shamba hupigwa mnada.

Mfano wa kuigwa wa kiongozi aliyeuvuka mstari wa chama tunao nyumbani. Juni 1975 Bunge lilijadili ripoti ya mauaji ya J.M. Kariuki. Masinde Muliro, mbunge kutoka Trans Nzoia na waziri katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta, alipiga kura pamoja na waliotaka ripoti ikubaliwe, akijua itakavyomgharimu. Alifutwa kazi mara moja, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Kulikuwa na chama kimoja tu nchini, na hakukuwa na pa kukimbilia. Alipofariki Agosti 1992, akiwa miongoni mwa waasisi wa FORD, hakuna aliyemkumbuka kwa utiifu wake kwa kiranja wa chama.

Wabunge wetu wa leo wana kinga kubwa kuliko yake. Kifungu cha 103 cha Katiba humvua kiti mbunge anayekihama chama kilichomchagua, lakini hakisemi lolote dhidi ya anayekipinga kwa kura ndani ya Bunge. Adhabu atakayopata ni kuondolewa kwenye kamati na kukosa tiketi. Ni adhabu inayouma, lakini wananchi wakisimama naye haiwezi kumuua kisiasa.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Kabla ya siku hiyo, kila atakayesimama juu ya gari pale Kanduyi au katikati ya Kitale na aulizwe mambo mahususi. Mkataba wa miaka 30 wa Nzoia utawekwa wapi ili mkulima ausome kwa lugha anayoielewa? Wakulima na wafanyakazi wa zamani wanaodai watamaliziwa lini, na ukomo wa malipo hayo umeandikwa wapi? Orodha ya waliofutiwa zile bilioni 117 iko wapi, na wakurugenzi wa miaka hiyo wamehojiwa na nani? Tozo ya asilimia 4 ya sukari iliyorejeshwa na Sheria ya Sukari ya 2024 imefanya nini katika kata hii? Na kwa mbunge anayetetea kiti: ulipiga kura gani juu ya mbolea, na kwa nini?

Majibu ya swali la mwisho yamo katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na mwalimu yeyote mwenye simu anaweza kuzisomea kikundi chake cha akiba. Tukianza kuzisoma kabla ya kuuliza mgombea ni wa mrengo upi, chama kitakacholeta majibu kitapata kura zetu, na kitakachokuja na nyimbo pekee kitazikosa, hata kama ndicho walichokipenda baba zetu. Siku serikali itakapojua kwamba Bungoma na Trans Nzoia zinaweza kuinyima kura kwa sababu ya mkulima asiyelipwa, itamlipa kabla ya kuokoa kampuni.