Namba Usiyoiona Usiiandike

Juma lililopita mjukuu wangu alifungua sanduku langu la zamani, akatoa daftari dogo ambalo pembe zake zimeliwa na mende. "Babu, hesabu gani hizi?" akaniuliza. Nikamwambia si hesabu. Ni namba za injini za gari la moshi, nilizoziandika kwa kalamu ya risasi nilipokuwa mtoto, karibu na stesheni ya Nairobi. Namba moja imepigwa mstari. Leo nitawasimulia habari ya mstari huo.

Mimi ni mtu wa Upare ya kusini. Kwetu, tukitoka nje asubuhi, tunauona mlima Shengena kama mawingu yameruhusu. Baba yangu mdogo alikuwa karani wa reli Nairobi, akikaa Muthurwa katika nyumba za wafanya kazi wa reli, zile tulizoziita landi. Mwaka 1959, nilipokuwa na miaka 10, baba alinipa ruhusa niende kwake wakati wa likizo, nikifuatana na jirani yetu aliyekuwa akirudi kazini. Tulishuka mlimani kwa miguu hata Same, tukapanda gari litokalo Tanga. Kahe tukabadili, tukapita Taveta, na Voi tukangoja gari la kutoka Mombasa. Kulipokucha niliona mbuga isiyo na mwisho, na wanyama wamesimama wakitutazama bila hofu.

Nilidhani mji wa Nairobi ulikuwapo tangu kale, kisha reli ikaufuata. Baba mdogo akacheka. "Reli ilipofika hapa mwaka 1899," akasema, "palikuwa na nyasi na majimaji tu. Reli ndiyo iliyouzaa mji huu."

Basi, watoto wa landi walikuwa na mchezo wao. Kila mmoja alikuwa na daftari, nao walikaa karibu na uzio wa stesheni wakingoja magari. Injini ikipita, huandika namba yake, na siku, na saa. Aliyepata namba nyingi ndiye mkubwa wao, hata kama ni mfupi kuliko wote. Baadaye nilijua kwamba watoto wa Uingereza nao walikuwa na mchezo huo huo, na tangu mwaka 1942 mtu mmoja, Ian Allan, alikuwa akiwauzia vitabu vidogo vyenye namba za injini zote. Sisi hatukuwa na vitabu. Tulikuwa na macho tu.

Injini tulizozitamani kupita zote zilikuwa za aina ya 59. Zilikuwa 34 tu, zimeundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, zikaletwa kwetu mwaka 1955 na 1956. Rangi yake ilikuwa damu ya mzee. Urefu wake futi 104, uzito wake tani 252, na magurudumu 28, ambayo niliyahesabu mara tatu kabla ya kusadiki. Katika reli zote za dunia zenye upana wa mita moja, hapakuwa na injini ya mvuke iliyozishinda nguvu. Mwingereza Herbert Garratt ndiye aliyebuni namna hiyo. Tangi la kuchemshia maji limelala katikati, na mbele na nyuma yake kuna mitambo na magurudumu yake. Kwa hiyo injini hujipinda konani kama jongoo, na uzito umegawanyika juu ya magurudumu mengi hata usiharibu reli. Iliweza kuvuta mzigo wa tani 1,200, kutoka Mombasa kwenye usawa wa bahari hata Nairobi, zaidi ya futi 5,000 juu.

Tena kila moja ilikuwa na jina la mlima wa Afrika ya Mashariki, limeandikwa katika kibao ubavuni. Injini za aina nyingine zilipewa majina ya makabila, na nyingine majina ya magavana. Baada ya uhuru majina ya magavana yaliondolewa, milima ikabaki.

Siku moja mtoto mmoja wa landi akaniambia, "Wewe Mpare, 5930 ni mlima wenu, Shengena." Moyo wangu ukaruka. Tangu hapo nilitazama kila injini nikiitafuta hiyo tu. Ilikuja Gelai, 5918, ikaja na milima mingine mingi. Shengena haikuja. Likizo ikaisha.

Nyumbani nikamsimulia Babu. Yeye katika ujana wake alibeba mataruma ya chuma begani, Wajerumani walipojenga reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911. Aliposikia kuna injini yenye jina la mlima wetu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ukienda tena, itazame vizuri, uniletee habari zake."

Mwaka 1960 nikaenda tena. Majuma mawili nilikaa kwenye uzio ule. Mvua ikaninyeshea, jua likaniwakia, na chakula cha mchana nikakisahau. Shengena haikuja. Katika safari ya kurudi nilifikiri uso wa Babu. Nikatoa kalamu, nikaandika 5930 katikati ya namba nyingine, mahali palipokuwa na nafasi.

Babu aliniuliza hata kabla ya salamu kwisha. Nikajibu, "Nimeiona, Babu."

Uongo ule haukukaa nyumbani. Babu aliupeleka barazani, akaupeleka sokoni. Wazee waliniita niwasimulie, na kila mara niliongeza kidogo: moshi wake, filimbi yake, jinsi ardhi ilivyotetemeka. Watu walifurahi. Mimi peke yangu sikufurahi.

Mwanzoni mwa mwaka 1961 baba mdogo akaja likizo. Jioni ya kwanza Babu akaniambia nisimulie habari ya Shengena mbele yake. Nikasimulia, huku nikitazama chini. Baba mdogo hakusema neno. Akaomba daftari, akalifunua karatasi baada ya karatasi, akanirudishia, akaendelea kunywa chai.

Usiku akaniita nje. "Kila namba yako ina siku na saa," akasema. "Hii ya mlima wetu haina saa. Kwa nini?" Sikuwa na jibu. Nikaanza kulia.

Hakunipiga. Alikaa juu ya jiwe, akanieleza kazi yake, ambayo sikuwahi kuiuliza. Yeye alikuwa karani wa mabehewa. Gari la mizigo likifika, hata usiku wa manane, hushika taa ya mkono na kutembea kandokando yake toka mwanzo hata mwisho. Huandika namba ya kila behewa, na mahali linapokwenda, na kama lakiri ya mlango ni nzima au imevunjwa.

"Katika stesheni moja," akasema, "alikuwapo karani aliyeogopa mvua. Usiku mmoja hakutoka. Alinakili namba kutoka karatasi ya jana, akalala. Behewa moja lilikuwa na mbegu za mahindi. Katika karatasi likaonekana limekwenda, na kweli lilikuwa limesimama nyuma ya mengine. Lilipopatikana, mvua za kupandia zilikuwa zimepita. Karani yule hakuiba mbegu hata moja. Aliandika tu namba asiyoiona. Wenye mashamba wakalala njaa, wala hawakumjua jina."

Kisha akasimama. "Mimi sitamwambia Babu. Aliyeandika ndiye afutaye."

Asubuhi nilimkuta Babu migombani, anakata majani makavu. Nikamwambia yote. Aliendelea kukata majani mawili, matatu, bila kunitazama. Nilitamani anipige, yaishe. Mwishowe akasema, "Nimewaambia watu wengi." Hayo tu.

Siku ya soko akanichukua. Mbele ya wazee wale wale waliopenda hadithi yangu, Babu mwenyewe akasema, "Ile injini mjukuu wangu hakuiona. Alisema uongo kwa kutaka kunifurahisha, nami niliueneza kwa kutaka kujisifu. Sasa mjue." Wengine wakacheka. Mzee mmoja akatikisa kichwa. Nilidhani nitakufa kwa aibu. Tuliporudi, njiani, Babu akauonyesha mlima kwa fimbo yake. "Huo hauna haraka," akasema. "Utaiona tu."

Usiku ule nikapiga mstari juu ya namba 5930.

Babu alifariki mwaka 1966. Nami, kwa sababu ya masomo na kazi, sikukaa tena kwenye uzio wa landi. Injini za dizeli zikazidi kuenea, na hata mwaka 1980 zile za aina ya 59 zote zilikuwa zimeondolewa njiani. Tangu mwaka 2017 iko reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi, na abiria wake hushukia nje ya mji, upande wa Syokimau.

Lakini karibu na stesheni ile ya zamani kuna makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Nilikwenda huko nikiwa na mvi. Zilizosalia pale ni mbili za aina ya 59. Moja ni 5918, Gelai. Nyingine ni 5930, Shengena. Sikusadiki mpaka nilipoishika kwa mkono. Chuma chake kilikuwa baridi, na ndege walikuwa wakiruka juu yake. Nikatoa daftari, na katika karatasi ya mwisho nikaandika namba yake, na siku, na saa.

Wazazi wenzangu, mtoto wenu akisema uongo wa kuwafurahisha, msiuone mdogo, wala msikimbilie fimbo. Mwonyesheni uongo ule unakwenda wapi baada ya kutoka kinywani mwake. Nanyi vijana mtakaoshika kalamu, katika mizani ya kahawa, au daftari la shule, au kadi ya kliniki ya mtoto mchanga, kumbukeni mbegu zile zilizosimama nyuma ya mabehewa. Yuko mtu msiyemjua anayeingoja namba yenu.