Daftari la Wiki: Mpingo na Mvua za Kyela

Sanduku juu ya kabati. Mvua za Aprili hapa Kyela hazina mchezo. Mpunga na kakao vinashukuru, lakini mbao iliyofungiwa ndani inaumia. Wiki hii nimeonyeshwa klarineti ya bendi ya kanisa iliyosahaulika miaka mingi. Sanduku limeota ukungu, springi za chuma zimeshika kutu, na vipande viwili vimegandana kwa sababu mbao imevimba. Kijana mmoja akaja na koleo. Mzee wa bendi akamzuia: "Mwanangu, acha. Iweke kivulini ikauke taratibu." Kijana akarudisha koleo: "Sawa, mzee." Mbao iliyovimba hunywea yenyewe ikipewa muda; ikilazimishwa, hupasuka.

Mti wenyewe. Mwili wa klarineti ni mpingo, mti wa taifa letu, ambao gogo lake huzama majini. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Viwanda kama Buffet Crampon cha Ufaransa huutegemea, na mwingi hutoka kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa, na wanavijiji wakaanza kunufaika na mpingo wao. Anayetupa klarineti kuukuu ajue anatupa mti ulioota kabla babu yake hajazaliwa.

Soko la Lyulilo. Jumamosi nilikuwa Matema, chini ya milima ya Livingstone, ambako akina mama wa Kikisi huuza vyungu vyao. Muuzaji alikigonga chungu kwa kifundo cha kidole kabla ya kunikabidhi. Kizima hulia, chenye ufa hukoroma. Klarineti nayo hupimwa hivyo hivyo kwa subira: unaziba matundu yote kwa vidole na mwisho wake kwa kiganja, kisha unavuta pumzi. Hewa ikipenya, kuna ufa, au pedi zinazoziba matundu zimechoka.

Ufa mwingi huletwa na mpulizaji mwenye haraka. Pumzi ya moto yenye unyevu huvimbisha mbao kwa ndani ilhali nje bado ni baridi na kavu. Ufa mdogo huzibwa kwa vumbi la mpingo lililochanganywa na gundi, kisha husuguliwa hadi usionekane. Vumbi hilo kwa wachongaji wa vinyago ni taka.

Mafundi wako wapi? Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na leo matarumbeta ni sehemu ya ibada na misiba yetu. Tarumbeta likitoboka, fundi bati huliziba. Chombo cha mbao kikiugua, hurudishwa juu ya kabati. Nchi inayouza mpingo haifai kukosa watu wa kuutibu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, inafundisha useremala. TaSUBa, taasisi ya sanaa kule Bagamoyo, inafundisha muziki. Wakikaa meza moja, kozi fupi ya kutengeneza vyombo vya mbao inawezekana kabisa.

Kwa makanisa yenye klarineti. Msiianike juani, msiioshe kwa maji. Ifuteni ndani kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupuliza, na mara chache mpitishe mafuta kidogo ya lozi. Kisha mpeni kijana mmoja jukumu hilo kwa jina, mbele ya bendi nzima.