Kifundo Kilichopona Nusu



Juma hili twajibu swali lililotufikia kutoka Hulugho, kaunti ya Garissa, kwa mama ambaye jina lake tunalihifadhi. Aeleza kwamba mwaka jana, mwisho wa kiangazi, akirudi na maji, mguu wake wa kulia uliingia katika ufa wa ardhi, unyayo ukapinda kwa ndani. Kifundo kilivimba, akakandwa kwa mafuta ya simsim, akafungwa kitambaa, na baada ya siku kadhaa uvimbe ukatoka. Tangu hapo mguu haumuumi, ila humsaliti. Yuatembea mahali tambarare, na ghafla kifundo hulegea akaanguka. Mara ya mwisho alikuwa amembeba mjukuu wake, na mtoto akaumia mkono. Majirani wasema ni jicho. Nyumbani amekatazwa kubeba watoto. Auliza: je, ni jicho kweli? Na je, aswali akiwa ameketi?

Jicho hatulikanushi, na anayetaka kusomewa na asomewe. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa, na hali anayoieleza mama huyu waganga wa mifupa na viungo waijua vizuri, wameiandikia, na wana njia ya kuipima.

Kifundo cha mguu hushikwa na kano ngumu ziungazo mfupa na mfupa. Mguu ukipinda kwa ndani, kano za upande wa nje ndizo zinyookazo kupita kiasi au kuchanika. Hilo kila mkandaji alijua. Lisilojulikana na wengi ni kwamba ndani ya kano hizo, na ndani ya misuli na ngozi ya unyayo, mna ncha za mishipa ya fahamu zinazoupasha ubongo habari kila wakati: mguu umeinama kiasi gani, umeelekea wapi, uzito umeegemea upande upi. Kwa sababu hiyo mtu huvaa kandambili gizani bila kuangalia miguu yake. Tabibu Mwingereza Charles Sherrington aliipa hisia hii jina lake la kitaalamu mwaka 1906. Sisi tutaiita hisia ya kiungo.

Mwaka 1965 tabibu mwingine wa Uingereza, Freeman, pamoja na wenzake, waliwachunguza watu walioteguka vifundo na ambao miguu yao iliendelea kulegea. Waliona kwamba wengi walishindwa kusimama imara kwa mguu ulioumia, ingawa ule mzima ulisimama vyema. Wakatoa rai kwamba ajali ile haikuchana kano peke yake, bali iliharibu na ncha za fahamu zilizomo ndani yake. Kiungo chapinda, lakini habari yachelewa kufika, na misuli yaitika baada ya mtu kwisha kuanguka. Wataalamu wa baadaye wameongeza sababu nyingine, kama udhaifu wa misuli na kano zilizobaki legelege, lakini jambo lenyewe halikukataliwa: uvimbe kuisha si kupona.

Sasa, hupimwaje? Kipimo cha kale kabisa kina jina la Romberg, tabibu wa Ujerumani wa miaka ya 1840. Mgonjwa husimama miguu pamoja, kisha hufumba macho. Macho yakiwa wazi huificha kasoro ya miguu. Yakifumbwa, mwili hubaki na hisia ya viungo na ya sikio la ndani tu, na mwenye kasoro huyumba. Kwa kifundo kilichoteguka kipimo hicho ni chepesi mno, hivyo husimamishwa kwa mguu mmoja. Mikono huwekwa kiunoni, macho hufumbwa, na mpimaji huhesabu makosa kwa muda wa sekunde 20: kuondoa mikono kiunoni, kufumbua macho, kukanyaga chini kwa mguu wa pili, kuinua kisigino au vidole. Kisha hurudiwa juu ya sponji nene, kwa sababu sponji huuchanganya unyayo. Mguu mzima hupimwa pia, maana kipimo cha mgonjwa ni mguu wake mwenyewe wa pili, si mguu wa jirani.

Kipimo kingine huhitaji utepe wa fundi cherehani tu. Mgonjwa husimama kwa mguu mmoja, na kwa ule mwingine hunyoosha ncha ya kidole mbali awezavyo, mbele, kisha nyuma kwa pande mbili, bila kuutegemea. Umbali hupimwa. Mwaka 2006 utafiti juu ya wachezaji wa mpira wa kikapu wa shule za sekondari Marekani ulionyesha kwamba waliotofautiana zaidi ya sentimita 4 baina ya mguu na mguu, wakinyoosha mbele, walikuwa na uwezekano mara 2.5 wa kuumia miguu katika msimu ule. Mama wa Hulugho si mchezaji wa kikapu, lakini mwenye kutembea mchangani na mtungi hana kazi nyepesi kuliko wao.

Hisia ya kiungo yenyewe hupimwa mgonjwa akiwa ameketi, macho yamefumbwa. Mpimaji huusogeza unyayo hadi pembe fulani, huuacha hapo kidogo, kisha huurudisha, na mgonjwa huambiwa aupeleke mwenyewe pale pale. Kosa huhesabiwa kwa nyuzi za pembe. Kipimo hiki chataka kifaa na mkono uliofunzwa; haya ni ya hospitali.

Akina mama wengi, tena, hujipima kila siku bila kujua. Anayetia udhu wima kwenye bomba huinua mguu mmoja auoshe. Ukiona kwamba ukiinua wa kushoto wayumba na kushika ukuta, na ukiinua wa kulia wasimama, basi kifundo cha kulia kimekwisha kusema. Ukitaka kukijaribu zaidi, simama karibu na ukuta, binti au dada yako akiwa pembeni, nguo imepandishwa isikukwaze, na usijaribu kamwe ukiwa na mtoto mkononi.

Hapa twatoa tahadhari. Vipimo hivi si vya mguu ulioumia jana. Kwa jeraha jipya, madaktari wengi hufuata kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992: ikiwa kuna maumivu kwenye kifundo, na mtu hawezi kwenda hatua nne, si pale alipoumia wala mbele ya daktari, au fundo la mfupa la ndani au la nje lauma likibonyezwa kwa nyuma au kwenye ncha yake, apigwe eksrei, huenda mfupa umevunjika. Kwa aliye Hulugho safari ya kwenda Masalani au Garissa mjini si ya kubahatisha, hasa njia ikiloa, na kanuni hizi humsaidia kujua safari ipi haina budi. Vilevile asifungwe vijiti vya kubana kabla ya kujulikana. Vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi au kuwa baridi, kifungo kifunguliwe saa ile ile.

Ama swala, kusimama ni nguzo ya swala ya faradhi kwa mwenye kuweza. Mama huyu asimama kwa miguu miwili bila maumivu, basi na asimame, na akihofu kuanguka aegemee ukuta au fimbo. Akishindwa kabisa, au kusimama kukimletea mashaka makubwa, ataketi, wala thawabu yake haipungui. Namna ya kukalia mguu katika tahiyatu ni sunna. Kifundo kikikataa kukunjwa, na aketi vyovyote.

Na dawa? Ni mazoezi ya kile kile kilichopimwa. Huko Uholanzi wanamichezo 522 waliokuwa wameteguka vifundo walifuatiliwa mwaka mzima. Nusu yao walipewa mazoezi ya usawa ya kufanya nyumbani, mara tatu kwa juma kwa muda wa majuma 8, juu ya matibabu yao ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: katika waliofanya mazoezi, asilimia 22 waliteguka tena, katika wasiofanya, asilimia 33. Mama aanze kwa kusimama mguu mmoja karibu na ukuta, macho wazi, mpaka aweze nusu dakika bila kushika; kisha juu ya godoro lililokunjwa; macho afumbe mwisho. Mjukuu na abebwe na wengine kwa majuma hayo 8, kisha apimwe upya kwa mguu na mguu, na wale waliomkataza wawepo wakitazama.