Tovuti Ipangwe kwa Haja ya Mtafutaji

Ndugu wanachama,

Katika Mkutano Mkuu ujao mtaletewa mpango wa tovuti ya chama chetu ili muuidhinishe. Nachelea kwamba jambo hili litapita kwa kunyosha mikono tu, kwa kuwa wengi wetu twaliona ni la vijana na simu zao. Lakini fedha itakayotumika ni ada zenu, na khabari zitakazowekwa humo ni zile ambazo mkulima akizikosa siku mbili tu katika msimu hupata hasara ya kweli. Rasimu iliyopo mezani ina vichwa saba juu ya ukurasa: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Uongozi, Kamati, Matukio, Picha, na Wasiliana Nasi. Maoni yangu ni kwamba mpango huu usipitishwe kama ulivyo. Umepangwa kwa namna chama kinavyojijua chenyewe, wala haukupangwa kwa namna mkulima atakavyolitafuta jambo lake.

Mtu hafungui tovuti kama afunguavyo dirisha kutazama wapita njia. Huja na haja. Ana swali moja kichwani na simu mkononi, na kila dakika anayotangatanga inamla kifurushi alichokinunua kwa fedha yake. Akiona vichwa saba na hakuna hata kimoja kinachofanana na swali lake, atafanya moja katika mawili: atakisia, au ataondoka. Akiondoka harudi kutuambia kwa nini ameondoka. Ndiyo maana tovuti mbovu huweza kudumu miaka mingi bila ya mtu kulalamika, na wenyewe wakadhani ni nzuri.

Nyani haoni kundule. Tukianza kuzitazama tovuti za hapa kisiwani, tutaulizana ni kazi ya nani na yeye ni mtoto wa nani, na maneno yatakwisha kwa kununiana. Kwa hiyo mfano wangu nitautoa mbali, mahali pasipo na mkarafuu hata mmoja. Mahali hapo ni Ibadakuli, huko Usukumani, moja katika kata 17 za Manispaa ya Shinyanga, penye uwanja wa ndege wa mji ule. Watu wa huko wana mambo ya pamba, ng'ombe, biashara na machimbo, lakini haja yao ya kupata khabari ni sawasawa na yetu.

Taabu ya kwanza ya mtu wa Ibadakuli ni jina. Akiandika "Shinyanga" katika simu yake atakutana na Mkoa wa Shinyanga, na Halmashauri ya Manispaa ya Shinyanga, na Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga ambayo makao yake ni Iselamagazi. Kila moja ni ofisi mbali na ina tovuti yake. Yeye yumo katika Wilaya ya Shinyanga kwa utawala wa Mkuu wa Wilaya, lakini hayumo katika Halmashauri ya Wilaya. Yumo katika Manispaa. Ofisa aliyezoea kazi halioni fumbo hilo. Mwananchi huliona, na akikosea mlango wa kwanza, hata tovuti ikiwa nzuri namna gani haimfai kitu. Lau kila moja katika tovuti hizo ingeandika juu kabisa orodha ya kata zake, na maneno mafupi ya kumwelekeza asiyekuwa wa humo, fumbo lingefumbuliwa kwa mistari miwili.

Taabu ya pili ni mpango wa vichwa. Mwaka 2017 mikoa 26 ya Bara na halmashauri zake zilipata tovuti za umbo moja. Jambo hilo lilikuwa na kheri yake, na ni haki kulisema: aliyekwisha kuizoea tovuti ya Shinyanga hakupotea akifungua ya Geita au ya Tanga, na halmashauri ndogo ilipata umbo lile lile lililopewa jiji. Vichwa vyake vilikuwa Mwanzo, Kuhusu Sisi, Utawala, Fursa za Uwekezaji, Huduma Zetu, Madiwani, Miradi, Machapisho, na Kituo cha Habari. Chini ya Utawala ziliwekwa idara na vitengo. Chini ya Machapisho ziliwekwa sheria ndogo, mipango, ripoti, fomu na miongozo.

Sasa tumchukue kijana wa Ibadakuli anayetaka kufungua duka la vipuri vya pikipiki. Swali lake ni moja tu: nifanye nini nipate leseni? Leseni ni huduma, kwa hiyo huenda imo katika Huduma Zetu. Fomu ni karatasi, kwa hiyo huenda imo katika Machapisho. Ofisa wa biashara ni mtu wa idara, na idara zimo katika Utawala. Utaratibu ukibadilika, mabadiliko ni khabari, kwa hiyo yamo katika matangazo. Jambo ambalo kwa kijana ni moja, kwa ofisi limekuwa manne, na kazi ya kuyakusanya ameachiwa yule asiyejua ofisi ilivyogawanyika.

Tena haliishii hapo. Katika biashara zinazotakiwa leseni, zile za Kundi B leseni zake hutolewa na halmashauri, na zile za Kundi A hutolewa na BRELA. Kabla ya leseni atatakiwa namba ya mlipakodi, nayo ni ya TRA. Cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kiko RITA, kitambulisho chake kiko NIDA, na nduguye anayetaka leseni ya kuchimba dhahabu kwa uchimbaji mdogo atakwenda Tume ya Madini. Hapana mtu anayeamka asubuhi akasema, "Leo nina haja ya RITA." Husema, "Nataka cheti cha mtoto." Tovuti inayomjua mtu ni ile inayompokea na maneno yake hayo, ikamwambia: hili ni letu, lifanye hivi, lile si letu, nenda fulani.

Jambo hili lawezekana, na wako waliolifanya. Uingereza ilikuwa na tovuti nyingi za wizara na idara, kila moja na mpango wake. Tarehe 17 Oktoba 2012 serikali yake ilifungua tovuti moja iitwayo GOV.UK, na kazi ya kuipanga ilianzia katika haja za watu: mtu anataka kulipa kodi ya gari, anataka pasipoti, amefiwa na afanye nini. Jina la wizara likawekwa nyuma ya jambo lenyewe. Na zamani kabla ya kompyuta kuingia maktaba, mwaka 1931, bwana mkutubi mmoja wa Madras, S. R. Ranganathan, alitoa kanuni tano za kazi ya maktaba, na moja katika hizo ni kwamba msomaji aokolewe wakati wake. Hakusema wakati wa mkutubi.

Wako watakaouliza: je, mambo ya chama yavurugwe kwa kumfuata kila mwenye swali? La. Daftari zetu, kumbukumbu za mikutano na hesabu zitabaki katika taratibu yake. Kupanga ghala ni kitu kimoja, na kufungua mlango ni kitu kingine. Msahafu una sura 114 katika juzuu 30, na taratibu yake haigeuzwi na mtu. Hata hivyo mwalimu wa chuoni, baada ya Alhamdu, hampeleki mtoto katika Suratul Bakara yenye aya 286. Humpeleka mwisho, katika Juzuu Amma, kwenye sura fupi ambazo ulimi wake unaziweza na ambazo atazihitaji katika sala. Taratibu haikuguswa, na mwanafunzi amepewa mlango wake. Nasi tovuti yetu yataka mlango wa namna hiyo.

Wengine wamesema, kwa nini tujisumbue na vichwa, na hali kuna kisanduku cha kutafutia? Mtu aandike neno, jambo litokee. Hoja hii yavutia, lakini kisanduku hakina akili ya kujua ulitaka kusema nini ikiwa neno lako halimo katika ukurasa. Mkulima ataandika "mpeta". Ikiwa sisi tumeandika "karafuu zilizoharibika kwa ukaushaji usiofaa", na neno mpeta hatukulitia popote, huenda akaambiwa hapana kitu, na kumbe kitu kipo. Ataandika "bei ya karafuu", nasi tumeandika "mwenendo wa soko la zao". Ataandika "mikarafuu yangu yakauka", nasi tumeandika "uongezaji wa tija". Maneno ya ofisi yana mahali pake katika barua za ofisi. Katika tovuti neno la shambani litangulie, na la kitaalamu lifuate nyuma yake.

Kadhalika kuna tabia ya kuipiga picha karatasi yenye mhuri na kuitia katika tovuti kama ilivyo. Karatasi hiyo kwa kompyuta ni picha tu. Maneno yaliyomo mara nyingi hayasomeki na kisanduku cha kutafutia, na mwenye simu ndogo hulazimika kuikuza na kuisukuma huku na huku mpaka achoke. Karatasi na iwepo kwa ushahidi, lakini maneno yake yaandikwe upya katika ukurasa. Na kila tangazo liwe na tarehe, siku na mwaka, na lililopitwa na wakati liondolewe mbele na kuwekwa katika kumbukumbu. Bei ya msimu uliopita isiyo na tarehe ni hatari kuliko ukurasa mtupu, maana ukurasa mtupu haumdanganyi mtu.

Neno la heshima ya viongozi nalo nimelisikia, nami sitaki kulikwepa. Imesemwa kwamba picha ya Mwenyekiti na ya wajumbe ikitolewa mbele, chama kitaonekana hakina wenyewe. Nawaheshimu wazee wetu, na majina yao yatakuwamo, kila mmoja na kazi yake na namna ya kumpata. Lakini heshima ya kiongozi wa chama cha wakulima ni mkulima kupata alilolitaka. Akilipata upesi ataomba dua kwa waliomfanyia. Akikutana na picha kumi kabla ya kuiona bei, sidhani kama atakayoyasema yatakuwa dua.

Wala tusijidanganye kwamba wazee hawatumii mtandao na kwa hiyo si kitu. Baba hana simu ya kisasa, lakini ana mwana au mjukuu anayo, na swali anapewa na baba. Kijana huyo asiyejua kamati wala muundo wa chama ndiye atakayekaa barazani kulitafuta jibu, na mzee anamngoja.

Basi napendekeza haya yafanywe kabla ya fedha kutolewa:

1. Karani na makatibu wa matawi waandike, kwa mwezi mmoja, kila swali linaloletwa na mwanachama, kwa maneno yake mwenyewe bila ya kuyasafisha.

2. Maswali hayo yaandikwe katika kadi, jambo moja kadi moja. Kisha waitwe wanachama wa namna mbalimbali, wenye mashamba, wachumaji, kina mama wanaochambua na kuanika, na vijana, watandaze kadi hizo juu ya jamvi, wazikusanye yale wanayoona yanakwenda pamoja, na kila fungu walipe jina. Wanaojua kuchambua karafuu na makonyo hawatashindwa na kadi arubaini. Majina watakayokubaliana wengi ndiyo yawe vichwa vya tovuti. Mimi nadhani yatakuwa kama Bei na Vituo vya Kununulia, Kuchuma na Kukausha, Miche na Mashamba, Ada Yangu, Matangazo, Nani wa Kuuliza, na mwisho Chama Chetu. Lakini kadi ndizo zitakazoamua, wala si mimi.

3. Tovuti ikiwa bado rasimu, wapewe simu watu kumi ambao hawakushiriki kuipanga, kila mmoja aambiwe atafute jambo moja, na sisi tukae kimya bila ya kumwonyesha kwa kidole. Panapowapoteza watatu, hapo pabadilishwe.

4. Kila ukurasa uwe na mtu mmoja aliyewekwa kuutunza, na tarehe ya mara ya mwisho ulipotazamwa iandikwe chini yake. Tovuti isiyo na mtunzaji ni kama shamba lisilopaliliwa.

Kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka kadi, jamvi, na subira ya kuwasikiliza wanachama kabla ya kumsikiliza fundi. Fundi atajenga chochote tutakachomwambia, na tukimwambia ajenge ofisi yetu ndani ya simu atajenga hivyo, na mkulima atabaki nje ya mlango kama kijana wetu wa Ibadakuli, ana haja ya kweli na hajui pa kubisha.

Namwomba kila tawi lizungumze jambo hili kabla ya Mkutano Mkuu na kumtuma mjumbe mwenye maoni ya wanachama wake. Mwenye rai iliyo bora kuliko hii na ailete, nasi tutaipokea kwa furaha.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama