Walimu wapewe nafasi ya kufunzana wao kwa wao

MWALIMU anapofuzu chuoni na kukabidhiwa darasa, aghalabu huo huwa mwanzo wa upweke. Hufunga mlango, hufundisha, husahihisha vitabu, na asipopata mwenzake wa kumshauri, makosa ya mwaka wa kwanza humwandama hadi astaafu. Hali hii imedhihirika zaidi tangu Januari 2023, Sekondari Msingi ilipoanzishwa katika shule za msingi. Huko, walimu wachache wamelazimika kugawana masomo yote, yakiwemo yale ambayo hawakuyasomea.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ya 2012 kinaitaka Tume kuhakikisha kuwa kila mwalimu aliyesajiliwa anajiendeleza kitaaluma. Kwa msingi huo, TSC ilizindua mpango wa mafunzo Septemba 2021. Ulikuwa na moduli sita, kila moja ya miaka mitano, na mwalimu alitarajiwa kulipa Sh6,000 kila mwaka kutoka mfukoni mwake. Malalamiko yalizuka papo hapo. Mjadala ukakwama kwenye ada, na swali kuu likasahaulika: je, mwalimu hujifunza vipi?

Historia ya nchi hii ina jibu. Mnamo 1998, Kenya kwa ushirikiano na shirika la JICA la Japan ilianzisha mradi wa SMASSE kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za upili. Ulianza katika wilaya tisa, kisha ukapanuliwa kote nchini kuanzia 2003. Walimu waliopokea mafunzo ya kitaifa walirudi wilayani kuwafunza wenzao. Mwongozo wao ulikuwa wa hatua nne: kupanga, kutekeleza, kutazama na kuboresha. Maabara ilipokosa vifaa, walifundishana kutumia vile vinavyopatikana katika mazingira yao.

Japan yenyewe ina desturi kongwe ya aina hiyo. Walimu kadhaa huandaa somo moja pamoja, mmoja hulifundisha, na wengine huketi darasani wakiwatazama wanafunzi. Baadaye hujadili somo, wala si mwalimu. Tofauti hiyo ni kubwa. Mwalimu anayetazamwa na mkaguzi huficha udhaifu wake, ilhali anayeketi na wenzake huufichua ili asaidiwe.

Simu ya mkononi imepanua uwanja huo. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kaunti ya Turkana, walimu wengi ni wakimbizi walioingia darasani bila kupitia chuo cha ualimu. Mradi ulioanzishwa huko 2016 na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, uliwapa mafunzo ya ana kwa ana, vikao vya kushauriana na wenzao, na washauri wa mbali kupitia WhatsApp. Funzo la Kakuma ni kwamba simu hufaa inapoendeleza uhusiano uliokwisha kujengwa. Haiwezi kuchukua nafasi ya uhusiano huo.

Hata hivyo, si kila kundi la simuni ni darasa. Lisipokuwa na lengo wala msimamizi, hugeuka soko la uvumi na mitihani ghushi. Isitoshe, mwalimu wa kijijini hununua data kwa pesa zake, na mtandao unapokatika, anayehitaji msaada zaidi ndiye huachwa nje.

Kwa hivyo, hatua tatu zinafaa kuchukuliwa. Kwanza, walimu wakuu watenge kipindi katika ratiba ili walimu waandae na kutazama masomo pamoja, badala ya kuliacha jambo hilo hadi jioni wakiwa wamechoka. Pili, maafisa wa mtaala wanaozuru shule washiriki vikao hivyo kama washauri, na ripoti zao zisitumiwe kuwaadhibu walimu. Tatu, TSC iipe kazi hiyo uzito wa kutosha inapopima maendeleo ya mwalimu, mradi kuwe na ushahidi wa somo lililoboreshwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi washirikiane na kuwasiliana. Ni vigumu kwa mwalimu kuwafunza jambo ambalo mfumo unamnyima yeye mwenyewe.